Kutoka Redio za Maharamia hadi Namba Moja: Utangulizi wa Muziki wa Andagraundi wa London

Katikati ya Aprili 2016 wimbo "One Dance" wa Drake ulishika namba moja kwenye chati ya Uingereza, ukakaa hapo wiki 15 mfululizo. Drake ni Mkanada, Wizkid aliyeshirikishwa ni Mnaijeria, na wasikilizaji wengi waliuhesabu kuwa ushindi wa dancehall au wa Afrobeats. Hata hivyo, sauti ya kike inayoimba mle ndani ni ya Mwingereza aitwaye Kyla, na imechukuliwa kutoka "Do You Mind", wimbo ambao prodyuza wa London waliojiita Crazy Cousinz waliupikia mdundo mpya mwaka 2008. "Do You Mind" ulikuwa kielelezo cha mtindo ulioitwa UK funky. Ulitikisa klabu za London na redio zisizo na leseni, lakini haukuingia hata kwenye arobaini bora. Miaka michache baadaye waandishi wa muziki walikuwa wameshauzika mtindo wenyewe na kuusomea talakini. Kisha marehemu akasikika kwenye kila harusi na kila duka la nguo duniani.

Kisa hicho kinatufikisha moja kwa moja kwenye swali linaloongoza fani hii. Je, muziki wa klabu uliotengenezwa kwa ajili ya watu mia tatu wanaojuana unaweza kuwa muziki wa kila mtu? Jijini London swali hili limeulizwa kila baada ya miaka minne au mitano tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kila kizazi huliuliza kana kwamba hakuna aliyewahi kulifikiria. Jibu la haraka ni ndiyo, na ushahidi uko wazi kwenye chati. Kazi yetu huanza baada ya jibu hilo: ni kitu gani hasa kinachofika kule juu, na ni nani wanaobaki chini? Msomaji anayeingia leo hahitaji kujua nota. Anahitaji masikio, na uvumilivu na majina, maana mitindo hii hubadili majina mara nyingi kuliko wapangaji wanavyobadili vyumba.

Ukoo wenyewe una wazazi wawili. Wa kwanza ni wahamiaji wa Karibiani walioingia Uingereza tangu meli ya Windrush ilipotia nanga mwaka 1948. Hao ndio walioleta desturi ya spika zilizopangwa kama ukuta, mpiga santuri mwenye nyimbo ambazo mwenzake hana, na emsii anayeshika kipaza sauti na kuwachangamsha watu. Mzazi wa pili ni house ya Chicago na techno ya Detroit, zilizovuka bahari katikati ya miaka ya 1980. Walipokutana kwenye maghala na mashamba ya Uingereza ikazaliwa hardcore, na kufikia 1993 hivi ikawa jungle: ngoma za funk ya Kimarekani zilizokatwakatwa na kuharakishwa hadi mapigo 160 na zaidi kwa dakika, na chini yake besi nzito ya rege. Mwandishi Simon Reynolds aliuita ukoo wote huu mfululizo mmoja, kuanzia hardcore na jungle, kupitia garage, hadi grime, dubstep na funky. Hoja yake ni kwamba mitaa ni ileile, vituo vya redio ni vilevile, maduka ya santuri ni yaleyale. Kinachobadilika ni mdundo. Nadharia hiyo ina wapinzani, na sehemu ya lawama yao ni ya haki: inaitazama London kana kwamba Bristol na Sheffield hazipo, ilhali mtindo wa bassline wa miji ya kaskazini ulifika namba mbili mwaka 2007 kwa "Heartbroken" wa T2 bila kuomba ruhusa ya mtu wa London. Kwa mgeni, hata hivyo, sijaona ramani ya kwanza iliyo bora kuliko hiyo.

Tuiangalie mitambo kabla ya nyimbo, kwa sababu wanafunzi wengi hukimbilia sauti na kusahau njia iliyoipitisha. Katika miaka ya 1990, mtu aliyetaka kusikia jungle au garage alizungusha kitufe cha redio hadi akutane na kituo cha maharamia, yaani kisicho na leseni. Studio ilikuwa chumba cha kulala cha mtu, au jiko la nyumba isiyokaliwa. Mtambo wa kurushia matangazo ulifichwa juu ya paa la ghorofa la halmashauri, na maofisa wa serikali walipoung'oa, vijana walipanda usiku wakafunga mwingine. Rinse FM ilianza hivyo mwaka 1994 na haikupata leseni hadi 2010. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2005, DJ Slimzee, mmoja wa waanzilishi wake, alipigwa marufuku kupanda kwenye paa za majengo marefu. Sijui muziki mwingine ambao adhabu yake ni kunyimwa paa.

Kifaa cha pili ni dubplate, santuri ya nakala moja. Prodyuza alimaliza wimbo wake katikati ya wiki, akaupeleka kwenye chumba cha kukatia santuri, kwa mfano Transition kule Forest Hill, kusini mwa London, ambako fundi aliuchonga kwenye sahani ya alumini iliyopakwa laka. Laka ni laini. Kila sindano inapopita inakula kidogo, na baada ya kupigwa makumi kadhaa ya mara, wimbo huanza kukwaruza na kufifia. DJ alikuwa na majuma machache tu ya kuutumia, na katika majuma hayo hakuna mwingine duniani aliyekuwa nao. Watu wakipiga miluzi na kugonga kuta, aliurudisha nyuma na kuuanza upya. Kelele zikirudiwa wikendi baada ya wikendi, ndipo nakala mia kadhaa zilichapishwa zikiwa na lebo nyeupe isiyo na jina, zikasambazwa madukani kutoka kwenye buti la gari. Santuri kama hiyo, isiyo na msimbo wa mauzo na iliyopita mkono kwa mkono, haikuingia kwenye hesabu ya chati. Kwa hiyo wimbo uliweza kujulikana na kila kijana wa Bow na Tottenham na bado, kwa mujibu wa takwimu rasmi, usiwepo kabisa.

Uzito wa swali letu uko hapo. Thamani ya wimbo wa andagraundi inatokana na uchache wake, na thamani ya kibao cha redio inatokana na wingi wake. Kuvuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili ni kubadili sarafu, na kwenye kubadili sarafu kuna anayekata chake.

Mtindo wa kusomwa kwa makini kuliko yote ni UK garage, maana ulifika mbali kwa muda mfupi. Mwanzo wake ni Jumapili. Watu waliokesha klabu Jumamosi hawakutaka kwenda kulala, wakajazana kwenye baa za eneo la Elephant and Castle, na madijei wakawapigia santuri za garage ya New York na New Jersey zikiwa zimeongezwa kasi kidogo. Prodyuza wa London wakaongeza besi waliyojifunza kwenye jungle. Kisha, kuanzia 1997 hivi, wakafanya jambo dogo lenye matokeo makubwa. House hupiga ngoma kubwa kwenye kila mpigo, moja, mbili, tatu, nne, bila kukosa. Wao wakaondoa baadhi ya mapigo hayo ya ngoma kubwa, wakaacha ngoma kavu ibaki kwenye la pili na la nne, na matoazi yakasogezwa nyuma kidogo ili yaonekane yanachechemea. Mdundo ukawa na mianya. Keti usikilize "Flowers" wa Sweet Female Attitude wa mwaka 2000 uone kilichoingia kwenye mianya hiyo: mwimbaji wa kike, mwenye sauti laini ya R&B, anayepumua pale ngoma inaponyamaza.

Kwa maoni yangu, mianya hiyo inaeleza mafanikio ya garage kuliko matangazo yoyote ya kampuni za rekodi. Mtindo ulikuwa na nafasi ya wimbo ndani yake tangu siku ya kwanza, kwa hiyo haukuhitaji kupasuliwa ili wimbo uwekwe. "Sweet Like Chocolate" wa Shanks & Bigfoot ulishika namba moja mwaka 1999. Aprili 2000 Craig David, kijana wa Southampton aliyekuwa bado na miaka 18, akashika namba moja kwa "Fill Me In". Mwaka 2001 Daniel Bedingfield alifika kileleni kwa "Gotta Get Thru This", wimbo alioutengeneza chumbani kwake. Mwaka huohuo kundi la So Solid Crew, vijana wa mitaa ya halmashauri kule Battersea, lilishika namba moja kwa "21 Seconds". Kundi lilikuwa kubwa mno, na jina la wimbo ni hesabu ya muda ambao kila emsii alipewa kwenye kipaza sauti.

Hapo ndipo mlango ulipoanza kufungwa. Risasi zilipofyatuliwa kwenye sherehe ya klabu mwishoni mwa 2001, ziara ya So Solid Crew ilifutwa, magazeti yakaandika kana kwamba ni mdundo ulioshika bunduki, na wenye kumbi wakaanza kukwepa. Mwaka 2005 polisi wa London walileta fomu iliyoitwa 696. Mwandaaji wa onesho alitakiwa kujaza majina ya wasanii, tarehe zao za kuzaliwa na namba zao za simu, kisha aseme ni muziki wa aina gani utakaopigwa, na garage ilikuwa miongoni mwa mifano iliyotajwa. Toleo la mwanzo liliuliza hata wanaotarajiwa kuhudhuria ni wa asili gani. Fomu hiyo ilifutwa Novemba 2017. Anayesoma historia ya chati bila kuisoma fomu hiyo anasoma nusu ya kitabu, kwa sababu muziki huu haukurudi nyuma kwa kukosa wasikilizaji peke yake. Mara nyingine ulikosa ukumbi.

Grime, mtindo wa maemsii uliochipuka kutoka kwenye garage, ilizaliwa katika kipindi hicho cha milango kufungwa, na ubaridi wake unasikika. Dizzee Rascal alishinda tuzo ya Mercury mwaka 2003 akiwa na miaka 18, kwa albamu "Boy in da Corner", lakini sifa za wahakiki hazikugeuka kuwa vibao. Vibao vilikuja 2008 na 2009, "Dance Wiv Me" na kisha "Bonkers", vyote namba moja, na vyote vikiwa na midundo ya house na elektro ambayo mtu wa Bow asingeiita grime hata kwa kubembelezwa. Wavukaji wa mwanzo walilipia tiketi kwa kuuacha mdundo nyumbani. Miaka kumi baada ya mwanzo ule mambo yaligeuka. Skepta na ndugu yake JME walitoa "That's Not Me" mwaka 2014 kwa video ambayo wenyewe walisema iligharimu pauni 80. Skepta akachukua Mercury 2016, na mwaka 2017 Stormzy akashika namba moja kwa albamu "Gang Signs & Prayer", akiwa chini ya lebo yake mwenyewe. Safari hii mdundo ulikwenda nao. Kilichokuwa kimebadilika ni njia: video iliyopigwa kwa gharama ndogo ilimfikia msikilizaji bila kupitia meza ya mkurugenzi wa redio, na tangu Julai 2014 usikilizaji wa mtandaoni ulihesabiwa kwenye chati ya nyimbo.

Dubstep ndiyo iliyokuwa na nafasi finyu zaidi ya kufika kwenye chati, na kwa hiyo ndiyo inayofundisha zaidi kuhusu ufundi. Vijana waliozunguka duka la Big Apple la Croydon, akina Skream, Benga na Hatcha, waliichukua garage wakaiondolea sauti ya mwimbaji, yaani kitu kilekile kilichoifikisha kwenye chati. Mapigo ni 140 kwa dakika, ila ngoma kavu huangukia la tatu tu, kwa hiyo mwili unahisi 70. Besi iko chini sana, kwenye masafa ambayo kifua huyapokea kabla ya sikio. Katika ukumbi wa Plastic People, usiku wa FWD>>, au kwenye DMZ kule Brixton, hiyo ilikuwa ndiyo raha yenyewe. Kwenye spika ya simu ya mkononi ni ngoma chache na kimya kirefu. Redio ya jikoni haiwezi kutoa sauti hiyo hata ikilazimishwa.

Zilipatikana njia mbili za kutoka. Katy B, binti wa kusini mwa London aliyelelewa kisanii na Rinse FM, aliuimbia mdundo wa Benga wimbo kamili, na "Katy on a Mission" ukafika namba tano mwaka 2010. Njia ya pili ilikuwa kuipandisha besi hadi masafa ya kati, mahali ambapo hata spika ndogo inaweza kunguruma. Njia hiyo ndiyo iliyopata fedha. Katika kiangazi cha 2011 DJ Fresh na kisha Nero walishika namba moja, na Februari 2012 Skrillex, Mmarekani wa Los Angeles, akabeba Grammy tatu. Mashabiki wa kwanza walilia usaliti. Mimi siungi mkono kilio hicho moja kwa moja: kuinyanyua besi ilikuwa jawabu la kifundi kwa tatizo la kifundi, na lilifanywa kwa ustadi. Ila jawabu hilo lilizaa muziki wa umati unaoruka uwanjani, na Croydon ilikuwa imetengeneza muziki wa mtu aliyesimama gizani karibu na spika.

Turudi kwa funky, maana hapo nadharia zetu zinabanwa. Ilishamiri kati ya 2007 na 2010 hivi. Ilikuwa house ya mapigo 130, yenye ngoma zilizopangwa kwa lafudhi ya muziki wa soca wa Karibiani na ya Afrika Magharibi, kazi ya vijana ambao wazazi wao walitoka Ghana, Naijeria na Jamaika. Baada ya ukali wa grime, wanawake walirudi sakafuni. Ilikuwa na waimbaji, ilikuwa na mianya, ilikuwa na michezo yake ya kucheza, kama "Migraine Skank" wa Gracious K wa mwaka 2009. Kwa vigezo vyote vilivyoibeba garage, ilistahili kushinda. Haikushinda. Nyimbo za michezo ya kucheza zilianza kuonekana utani, madijei wakubwa wakahamia house ya kawaida, hakupatikana nyota mmoja wa kubeba albamu, na wakati huo redio zilitaka elektro. Naona sababu kubwa kuliko zote ni ya kibiashara: prodyuza waliuza nyimbo mojamoja, kampuni zikanunua nyimbo mojamoja, na hakuna aliyewekeza kwa watu.

Kwa hiyo Drake alipofika, alikuta sauti isiyo na mwenye nguvu. "One Dance" unakwenda taratibu zaidi, mapigo 104 kwa dakika, na sauti ya Kyla imepunguzwa kasi ili ikae humo. Alitajwa kama mshirikishwa, na watengenezaji wa mdundo wa awali wakapata sehemu yao ya uandishi. Hilo ni jambo la heshima, na halikuwa kawaida siku zote. Kumbuka wapiga jungle. Sehemu kubwa ya mtindo ule ilijengwa juu ya sekunde chache za ngoma kutoka "Amen, Brother", wimbo wa bendi ya Kimarekani The Winstons wa mwaka 1969. Gregory Coleman, mpiga ngoma wake, alifariki 2006 bila kulipwa senti kwa sekunde hizo. Mwaka 2015 mashabiki walichanga pauni 24,000 hivi wakampa kiongozi wa bendi. Mchango wa hisani ndio mrabaha waliopata.

Kwenye rafu ya nadharia, kitabu cha kuanzia ni "Club Cultures" cha Sarah Thornton cha mwaka 1995. Alionesha kwamba andagraundi haiishi nje ya vyombo vya habari kama inavyojidai. Vipeperushi, redio za maharamia, hata magazeti yanayoisema vibaya, vyote huijenga. Ujuzi wa kujua wimbo kabla ya wengine ni mtaji, na ndiyo maana mwenye mtaji huo hukasirika wimbo unapofika kwa shangazi yake. Thornton ananisaidia kuelewa hasira za mashabiki. Hanisaidii sana kuelewa fomu 696, wala Coleman. Kwa hayo nenda kwa Paul Gilroy na "The Black Atlantic" cha 1993, kinachoufuata muziki wa watu weusi baharini, kutoka pwani moja hadi nyingine, pamoja na historia ya waliourithi.

Hivi sasa uwanja umegeuka tena. PinkPantheress, aliyezaliwa Bath kwa mama Mkenya na baba Mwingereza, alianza kwa kupandisha vipande vifupi kwenye TikTok akiwa mwanafunzi. Wimbo wake "Pain" wa 2021 umekaa juu ya kinanda cha "Flowers" nilioutaja hapo juu, na haufikishi dakika mbili. Mwaka 2023 "Boy's a liar Pt. 2", aliouimba na Ice Spice, ulifika namba tatu Marekani, ingawa mdundo wake una asili ya klabu za New Jersey zaidi ya London. Dubplate imekwenda, paa limebaki tupu, na majuma ya faragha ambayo wimbo ulipewa ili ukue hayapo tena: unatoka chumbani saa mbili usiku na kufika Manila kabla ya asubuhi. Msimamo wangu ni kwamba mitindo ya London imekuwa na uwezo wa kufika kileleni wakati wote, na itafika tena. Sauti huvuka kwa urahisi. Watu na vituo vyao huvuka pale tu wanapomiliki lebo, hati za uandishi na ukumbi, kama Stormzy na Rinse FM walivyoonesha, na kama funky ilivyoonesha kwa kukosa.

Ukitaka kuingia, usianze na simu. Tafuta spika yenye besi ya kweli, hata ya kuazima, usikilize kwa mpangilio huu: "Incredible" wa M-Beat na General Levy, uliofika namba nane mwaka 1994, "Flowers", "Night" wa Benga na Coki, "Do You Mind" wa Kyla kwa mdundo wa Crazy Cousinz, kisha "One Dance". Sikiliza kila mmoja mara mbili, ya kwanza kwa ngoma, ya pili kwa besi. Halafu tafuta majina ya waandishi yaliyosajiliwa kwa kila wimbo, uyaandike pembeni, na uulize nani hayumo.